Mikono Iliyoangusha Nyota

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumapili, mwanamke aliyevaa blauzi nyeusi isiyo na urembo wowote anasimama hatua mbili kutoka kwenye mimbari. Pete na saa yake amemwachia wifi yake, aliyekaa safu ya pili. Mbele yake wako watu kumi na mmoja wasiosikia, na macho yao yote yametua kwenye vidole vyake.

Mchungaji anahubiri juu ya siku za mwisho. Anafika mahali pa nyota zinazoanguka kutoka mbinguni na, kama ilivyo kawaida yake, anaongeza kasi. Mikono ya mwanamke inamfuata, inapanda, inashuka, kisha inasita hewani. Anaunyoosha mkono wa kulia juu kama mwanafunzi darasani.

Mchungaji anakatiza sentensi. Watu karibu mia tatu wanageuza shingo.

"Hapo kwenye nyota, naomba urudie," anasema mwanamke. "Ni nyota zenyewe, au ni mfano?"

Mchungaji anarudia, safari hii polepole. Mikono inaendelea.

Mwaka jana asingethubutu kumsimamisha mchungaji mbele za watu. Mwaka jana aliiacha sentensi kama hiyo ipite, na kaka yake akapoteza vidole viwili.

Ana umri wa miaka thelathini na nane. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi anapiga pasi kwenye duka la dobi, mashuka mia na zaidi kwa siku, amesimama. Jumapili ni mkalimani wa lugha ya alama, kazi anayoifanya kwa mwaka wa kumi sasa. Posho ya kanisa inamtosha nauli ya wiki, na wiki nyingine haifiki Ijumaa.

Wanaosikia wanamwita Mama Mikono. Viziwi wana jina lao kwake: wanavuta ncha ya sikio mara mbili.

Lugha hiyo hakuisomea. Kaka yake, seremala anayemzidi miaka mitano, alipoteza usikivu akiwa mdogo baada ya homa ya uti wa mgongo. Mdogo mtu akakua akiwa masikio ya nyumba. Mama alipogomba, yeye ndiye aliyefikisha ugomvi.

"Nilikuwa namkatia," anasema akicheka kidogo. "Mama akitoa maneno ishirini, mimi nampa manne. Mengine yalikuwa makali mno, mengine nilikuwa mvivu tu. Hakuna aliyejua."

Kaka yake amekaa pembeni, anafuatilia midomo yake. Anamgusa bega na kumuuliza kitu kwa mikono.

"Anataka kujua kama nimekwambia yote," anasema Mama Mikono, na cheko linamwisha.

Mambo yalianza pale mchungaji alipotangaza Jumapili nne mfululizo za mafundisho ya siku za mwisho. Ya kwanza ilikuwa mfano wa wanawali kumi wanaomngoja bwana arusi: watano wamebeba mafuta ya akiba, watano hawana. Bwana arusi anachelewa. Usiku wa manane inapigwa kelele kwamba amefika, na wasio na mafuta wanakuta mlango umefungwa.

Ya pili ilikuwa nyota. Mchungaji alisoma maono ya nyota zinazopukutika kama matunda mabichi mti unapotikiswa na upepo. Halafu akasema jambo ambalo kwa wanaosikia lilikuwa wazi kabisa: kwamba yeye anazielewa nyota hizo kuwa viongozi na walimu wanaoiacha imani, na kwamba mtu asikae akitazama angani.

Mama Mikono wakati huo alikuwa bado anahangaika na matunda na upepo. Alipoyamaliza, mchungaji alikuwa ameshafika kwenye parapanda. Akaruka, akamfuata huko huko. Viziwi kumi na mmoja wakarudi nyumbani na nyota zinazoanguka, bila maelezo.

Wiki mbili baadaye wifi yake, mke wa seremala, alimfuata kazini. Alimkuta kwenye meza ya pasi akamwambia kwamba mumewe halali. Kila usiku anatoka na kigoda, anakaa uani, anatazama juu mpaka kunakucha, halafu anakunywa chai na kwenda kazini. Akimvuta ndani, anarudi nje. Alidhani ni mambo ya wanaume ya kupita, lakini sasa mtu anasinzia na kijiko mdomoni.

Mama Mikono alimjibu kwamba atakuja Jumapili waongee. Kulikuwa na mashuka mengi wiki ile.

Jumapili hiyo haikufika. Alhamisi asubuhi, baada ya usiku kumi na nane wa kukesha, seremala alisinzia akiwa amesimama kwenye mashine ya randa. Kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kushoto vilikwenda na maranda.

"Kwa mtu mwingine ni vidole," anasema mkewe. "Kwa mume wangu ni sauti. Kuna maneno sasa anayasema kama mtu mwenye kigugumizi."

Hospitalini, Mama Mikono alitafsiri kati ya daktari na kaka yake. Daktari alipoondoka, mgonjwa aliinua mkono mzima na ule uliofungwa bendeji, akavihesabu vidole vilivyobaki kwa ishara ya mfano ule ule wa Jumapili. Alisema wanawali wake sasa ni wanane. Alicheka peke yake.

Ndipo dada yake alipomuuliza alichokuwa akikitafuta angani. Jibu lake Mama Mikono analirudia neno kwa neno, na kaka yake anatikisa kichwa kuthibitisha.

"Umesema kelele zitapigwa. Umesema parapanda italia. Ninyi mtaamka, mimi nitajuaje? Lakini umesema na nyota zitaanguka. Hizo nitaziona. Nyota ndizo parapanda yangu."

Mama Mikono alirudi nyumbani roho juu. Kanisa hurekodi mahubiri na kuyasambaza kwenye simu, naye alikuwa hajawahi kuyafungua, maana aliyajua, alikuwa ameyasema kwa mikono yake mwenyewe. Usiku ule alivaa vipokea sauti, akachukua daftari na kusikiliza dakika zote hamsini na mbili za Jumapili ya nyota. Kila alipokumbuka kwamba hapo aliruka, aliandika mstari.

Mistari ilifika kumi na minne. Wa tisa ulikuwa ule wa nyota.

"Nilikaa kitandani nikasema, miaka tisa. Ikiwa Jumapili moja ni mistari kumi na minne, hao watu nimewalisha nini miaka tisa?"

Kesho yake alimweleza kaka yake kila kitu. Hakumkatia. Kaka yake alimtazama mpaka mwisho, kisha akafumba macho.

Anayesikia hawezi kuuelewa ukali wa jambo hilo kwa haraka. Kiziwi akikufumbia macho, umekwisha. Huna pa kupenyeza neno. Mama Mikono alikwenda kumwona kila jioni akitoka kazini, na kila jioni macho yalifumbwa. Ilikuwa hivyo kwa wiki tatu. Kazini aliunguza mashuka mawili, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Katika wiki hizo alikwenda ofisini kwa mchungaji na daftari lake. Alikuwa amejiandaa kuacha kazi. Mchungaji aliisoma ile mistari, akaanza kumfariji, akasema kila mtu hukosea. Alipofika kwenye maneno ya seremala kuhusu parapanda, aliyasoma mara mbili.

"Nimeihubiri parapanda miaka kumi na minane," mchungaji alimwambia mwandishi wa habari hii. "Sikuwahi kujiuliza asiyesikia ataitikaje. Na mwenye mbio nilikuwa mimi. Yeye alikuwa ananikimbiza tu."

Walikubaliana mawili. Mahubiri yatamfikia mkalimani yakiwa yameandikwa, kila Ijumaa. Na akiachwa nyuma, atanyoosha mkono, hata kama kanisa limefurika wageni.

La tatu alilitaka mwenyewe. Aliwaita viziwi wote katika chumba cha nyuma, pale panapohifadhiwa viti vya plastiki, akawaambia alichofanya. Kisha akamwomba kila mmoja aeleze alivyouelewa mfano wa wanawali.

Mmoja alidhani wanawali waliofungiwa nje walifungwa jela. Fundi cherehani mwenye umri wa kutosha kumzaa Mama Mikono alieleza kwa fahari kwamba yeye yuko tayari, mafuta anayo. Walipouliza mafuta gani, ikajulikana kwamba ana madumu sita ya mafuta ya taa chini ya kitanda, na jiko la mkaa hatua nne kutoka hapo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, halafu wanne wakaenda naye kuyatoa.

Mama Mikono hakucheka. Anasema alikuwa anaona nyumba ikiwaka.

Ilimbidi ausome ule mfano upya, neno kwa neno, ili aueleze sawasawa. Hapo akakuta kitu ambacho hakumbuki kukisikia kwenye mahubiri yoyote. Bwana arusi alipochelewa, wanawali wote walisinzia wakalala. Wale watano wenye busara nao walilala. Tofauti haikuwa nani alikesha. Ilikuwa nani alijiandaa kabla ya kulala.

Alikwenda kwa kaka yake jioni ile. Kaka alipofumba macho, hakuondoka. Aliiweka Biblia mapajani mwa kaka, imefunguliwa kwenye mfano ule, akatoka kukaa jikoni na wifi yake.

Wifi ndiye aliyechungulia mlangoni. Anasema mumewe aliyafumbua macho, akasoma huku akifuatisha kwa kidole, akarudia, akarudia tena. Kisha akaja jikoni, akasimama mbele ya dada yake na kuuliza swali moja kwa mkono wake mzima.

"Na wenye busara?"

"Nao," alimjibu. "Wote kumi."

"Hata wanaosikia?"

"Wote walikuwa wanasikia. Na walilala."

Seremala alikaa. Alikula. Usiku huo, anasema mkewe, alikoroma mpaka mtoto wa jirani akalia. Yeye mwenyewe anakana, na hakuna anayeweza kumthibitishia.

Leo amerudi kazini, ila mashine ya randa haigusi. Anapiga msasa na vanishi, na malipo yamepungua karibu theluthi. Baadhi ya alama amezibuni upya kwa vidole vilivyobaki, na wenzake wamezizoea. Amemsamehe dada yake? Anajibu kwamba anamtazama. Kwao, anasema, hilo ni kubwa.

Mama Mikono bado hajatulia. Anaamka na kulisoma daftari. Wakati mwingine akiwa kwenye pasi mikono yake inaanza kusema peke yake, na wenzake wanamshtua kabla ya kitambaa kuungua. Swali la parapanda bado halijapata jibu la kumridhisha. Mchungaji amesema anaamini Mungu ana njia ya kumwita kila mtu. Mama Mikono alilitafsiri jibu hilo lote, hakuacha hata silabi, na aliona kwenye nyuso za watu wake kwamba halikuwatosha. Halikumtosha hata yeye.

Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni sasa kuna darasa katika chumba cha viti. Wanausoma mfano mmoja kwa wiki, na seremala ndiye anayeuliza maswali. Mke wake na binti mmoja wa kwaya wanajifunza ukalimani. Mpango ni kwamba kabla ya mwaka kwisha wawe watatu, wapokezane kila baada ya dakika ishirini, ili mikono isichoke na sentensi isiachwe.

Kuna Jumapili moja anayoisubiri kuliko zote, anasema, huku akikunja na kukunjua vidole.

"Miaka tisa nimesimama pale mbele. Kila neno limepita kwangu likaenda kwa mwingine. Nataka siku moja nikae kwenye kiti kama watu, mikono mapajani, nisikilize mahubiri mpaka mwisho. Sijui kama nitaweza kuituliza. Lakini nataka nijaribu."