Gaudiose na barua za Dokta Thorley

Saa nane mchana, jua la Rockville, nje kidogo ya Washington, linapenya pazia jeupe na kutua juu ya blanketi la Bi Constance Thorley. Gaudiose Nabintu anavuta kiti karibu na kitanda, anatoa barua kwenye bahasha na kuanza kusoma kwa Kifaransa, taratibu, kwa sauti ya kubembeleza. Kila aya ikiisha, anaieleza kwa Kiingereza.

Bi Constance ana miaka tisini na mitatu na macho yake hayaoni vizuri tena. Ameyafumba. Midomo inacheza kidogo, kama ya mtu anayeota akiwa macho.

"Akilala naendelea tu," Gaudiose ananong'ona. "Nikinyamaza ndiyo anaamka."

Barua hizo ni za baba yake Bi Constance, Dokta Ambrose Thorley, bingwa wa magonjwa ya kifua kwa watoto aliyekuwa na jina kubwa mjini Washington zama zake. Alisomea Ubelgiji, na kwa zaidi ya miaka thelathini aliandikiana na daktari aliyesoma naye huko, Armand Delcroix. Kila mmoja alimweleza mwenzake wagonjwa waliomshinda. Thorley alitunza barua alizopokea pamoja na nakala za alizotuma.

Gaudiose hakuajiriwa kusoma. Anamwogesha Bi Constance, anampikia, anampa dawa. Mwaka jana, ndugu wa familia walipoteremsha maboksi kutoka darini ili yapelekwe maktaba, yeye alikuwa kando anakunja mashuka. Bi Constance akauliza barua zinasema nini. Hakuna aliyejua Kifaransa, basi Gaudiose akaokota moja, akaisoma.

"Mama Constance alilia," anakumbuka. "Akaniambia, utotoni alikuwa anasikia mashine ya baba yake ya kupigia chapa inapiga kule juu, lakini hakujua iko naandika nini."

Familia ilikubali maboksi yasubiri. Tangu hapo mchana wao ni huo: chai, barua, usingizi mfupi, barua tena.

Homa zinazoelezwa humo, Gaudiose anazifahamu. Kule Uvira, mashariki mwa Congo, alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na mmoja. Alipofika Marekani na mumewe Macaire, ambaye sasa anapakia mizigo kwenye ghala la Landover, aliambiwa lazima asome upya. Watoto walikuwa wadogo. Cheti kikaingia sandukuni, naye akaacha kukitaja.

Mwezi Machi, usomaji ulifika mwaka 1940. Barua zikakatika. Bahasha iliyofuata ilikuwa ya 1945.

Gaudiose aliishika muda bila kuifungua. Anajua vita vinavyopita ndani ya nyumba za watu. Alimuuliza Bi Constance kama wapumzike, lakini bibi akataka isomwe.

Delcroix hakuanza na vita. "Rafiki yangu," aliandika, "mara ya mwisho nilikuuliza kuhusu yule msichana mwenye maji kifuani. Nilifuata ushauri wako. Amepona. Sasa nikueleze yaliyobaki."

Yaliyobaki yalikuwa mazito: nyumba iliyoungua, mke aliyezikwa. Lakini habari ya msichana ilitangulia. Bi Constance alinyoosha mkono, ukapapasa hewani mpaka ukapata wa Gaudiose, wakakaa hivyo hadi chai ikapoa.

Jioni hiyo, ndani ya basi linaloteremka Rockville Pike, Gaudiose alitazama miti iliyochanua maua na kuona barabara ya Uvira. Kituo chake kikampita bila yeye kujua.

Alikuwa akimfikiria Flaviana, muuguzi mwenzake. Miaka minane iliyopita mapigano yalizuka Gaudiose akiwa mapumzikoni, na familia yake ikakimbilia Burundi kabla ya giza. Hawakuagana. Baadaye alipata namba ya simu ya Flaviana, akaihifadhi miaka miwili bila kuipiga.

"Niliogopa majibu," anasema. "Nikiuliza habari, atanihesabia waliokufa. Na ningeanzia wapi?"

Sasa alijua pa kuanzia. Wakati wanatengana, walikuwa wanamtunza mtoto njiti wa mama mmoja wa Kalundu, wakimtia joto kifuani mwa mama yake. Gaudiose akaandika ujumbe mmoja: yule mtoto wa Kalundu aliongezeka uzito?

Jibu lilikuja Jumapili, kwa sauti. Flaviana alikuwa anacheka huku analia.

"Ungali unauliza kilo, dada? Yuko darasa la tatu. Anapiga wenzake."

Kisha akamweleza yaliyobaki. Waliokufa walikuwamo, na Gaudiose aliwalilia jikoni kwake, Macaire akiwa amemshika mabega. Lakini Jumapili iliyofuata Flaviana alipiga tena, akitaka ushauri kuhusu mama aliyejifungua mwenye shinikizo la damu. Wamezungumza kila Jumapili tangu siku hiyo.

Maboksi yatakwenda maktaba vuli hii. Bi Constance amesikia takriban yote, na baadhi anaomba yarudiwe.

Gaudiose naye amejiandikisha chuoni kusoma uuguzi upya. Ataanza Septemba, masomo ya jioni, na anakadiria yatamchukua miaka mitatu kwa kuwa hawezi kuacha kazi.

"Flaviana ananiuliza kama muuguzi, na mimi namjibu kama mtu aliyekuwa muuguzi," anasema, akilainisha mto chini ya kichwa cha bibi aliyelala. "Nataka nimjibu sawasawa."