Bia imefunikwa, mtoto anakohoa

Leo nimekuta bia inalala vizuri kuliko kitukuu changu.

Ngojeni, sijaanza kutukana.

Nimepanda ngazi za ghorofa ya wazazi wake hapa Nyeri, nimebeba uji wa mzazi. Kuingia chumba cha kulala, dirisha liko wazi, na hii baridi yetu ya Julai! Mtoto anakohoa. Kando ya kitanda, chupa za bia zimepangwa ukutani, zimefunikwa blanketi.

Blanketi ya mtoto. Ile niliifuma mimi.

Mjukuu wangu Kariuki akaja mbio. "Shosho, usifunge dirisha! Joto itaharibu bia. Nataka izeeke polepole ndio iwe tamu."

Ati izeeke! Nikamwambia, "Mimi nimezeeka na hakuna mtu alinifungulia dirisha."

"Shosho, haya mambo huelewi."

Kweli, shule sikuenda. Lakini kikohozi nasikia.

Nilidhani bibi yake, huyo mzazi mwenyewe, atanyamaza, maana huyo msichana hunyamaza hata akikanyagwa. Wapi! Aliinuka kitandani, akakumbatia chupa za kwanza, akazitoa nje kwa roshani. Nikamfuata na zingine. Nikafunga dirisha kwa nguvu.

Saa hii mtoto amelala kifuani mwangu, amepata joto, hakohoi. Baba yake amesimama roshani, ameishikia bia mwavuli. Ati hata mwangaza unaidhuru.

Mwenye kumtetea aandike hapa chini. Nitasomewa, nicheke.