Mawese mekundu ya Rumonge

Leo nimemsaidia mwongo kuuza mafuta ya mawese sokoni Rumonge.

Nilimkuta mama mmoja nyuma ya meza yake, akitia rangi ya kiwandani katika mawese yaliyopauka.

"Muzee, wewe unasoma vitabu. Hii rangi iko halali?"

Nikaanza kumweleza: rangi ya kiwandani ni halali ikiwa haina najisi wala madhara, lakini kumdanganya mnunuzi kwa rangi hiyo...

Hakungoja nimalize. Akawageukia wateja.

"Mumesikia? Muzee amesema iko halali!"

Wakanunua.

Miaka yote ya ukimbizini niliwasimulia wanangu juu ya wekundu wa mawese ya kwetu hapa.

Jioni hii binti yangu amerudi kutoka sokoni na chupa ya mawese ya mama yule.

"Baba, kweli ni mekundu kama ulivyosema!"

Nyinyi mngemwambia?