Nilikuwa nauza losheni Songea, lakini uso wa mama ulikuwa unangoja mafuta ya mbarika

Wakuu, habari za huko mliko.

Nimeona dada mmoja humu anauliza mafuta gani ya asili yanafaa uso mkavu wa mtu mzima. Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili, nikaona haitoshi. Haya yalitokea nyumbani kwetu, na chumvi sijaongeza.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, nilikuwa na kibanda cha vipodozi Songea mjini. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni, ghafla tukawa na losheni za kila rangi, nyingine zimepitia Malawi, nyingine Dar. Zilinukia mpaka unatamani kuzipaka kwenye mkate.

Sasa chekeni. Mama wa muuza losheni ndiye alikuwa na uso mkavu kuliko wote pale mtaani kwetu Msamala.

Baba alikuwa amefariki. Kwenye ukoo wetu mjane hapaki mafuta mpaka siku ya kumaliza msiba, na siku hiyo anayempaka kwa mara ya kwanza ni dada wa marehemu. Nyie mna ya kwenu, hiyo ndiyo yetu.

Baba alikuwa na dada mmoja tu, shangazi yangu wa Mpitimbi. Siku ya kumaliza msiba mvua ilikata barabara, hakufika. Baba wadogo wakasema padre ameshasoma misa, inatosha, watu wana mashamba yao. La mafuta likarukwa. Hakuna aliyelitaja tena, na mimi nikalisahau.

Ikaja baridi ya Juni na Julai. Mnaoijua Songea mnaujua upepo unaoshuka kutoka milima ya Matogoro. Mama mashavu yakatoka magamba, pembe za mdomo zikapasuka, akicheka damu inatoka.

Basi akaacha kucheka. Sala za jumuiya akaacha kwenda. Kanisani akawa anakaa benchi la mwisho, khanga imefunika nusu ya uso.

Nikampelekea losheni. "Asante mwanangu." Nikapeleka nyingine, nzito zaidi. "Asante mwanangu."

Siku moja namsaidia kuhamisha kitanda, nikazikuta zote chini, zimepangwa vizuri, hazijafunguliwa. Wakuu, niliogopa. Niliona mama ameamua kumfuata baba, taratibu, bila kumsumbua mtu.

Mteja wangu mmoja, mama wa makamo mwenye uso laini ajabu, akaniambia achana na hizo chupa, mtafutie mafuta ya mbarika. Nikakumbuka shangazi huwa anayapika. Nikapanda baiskeli.

Nilimkuta jikoni. Mbegu za mbarika alikuwa ameshazikaanga na kuzitwanga, anazichemsha kwenye maji mengi, mafuta yanapanda juu, anayaengua kidogo kidogo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Leo umeikumbuka njia?"

Nikamwambia nataka chupa moja, mama uso umempasuka, hapaki kitu chochote.

Akaacha kuengua. "Hapaki? Tangu lini?"

"Tangu msiba."

Akakaa chini kabisa. "Mimi nilijua wameshamtafuta mwingine wa kumpaka. Nikasema haya, mimi si mtu tena kwenu, nitakaa hapa mpaka mniite. Kumbe wifi yangu ananingoja."

Alilia pale pale huku moshi unamwingia. Nikamwomba tena chupa, akanikatalia. "Haya hayabebwi na mwanamume. Acha yapoe, tunaondoka wote."

Tulimkuta mama uani anachambua maharage. Shangazi akamnawisha uso kwa maji ya vuguvugu, akamimina mafuta kiganjani, akasugua viganja, akampaka. Paji la uso, mashavu, mdomo. Mama alifumba macho muda wote.

Alipoyafumbua akasema, "Sasa ndiyo amekufa kweli."

Wakashikana, wakalia. Mimi nikatoka nje ya ua na chozi langu.

Sasa dada, jibu lako. Mafuta ya mbarika ni mazito, yananata, kwa hiyo paka kidogo sana, uso ukiwa bado na unyevu wa maji. Yakikushinda uzito, changanya na ya ufuta. Jaribu kwanza mkononi, ngozi hazifanani. Na mbegu mbichi ni sumu, weka mbali na watoto.

Mama mdomo ulipona, magamba yakaisha, ngozi ikawa laini. Mikunjo ilibaki. Anayekuambia mafuta yanafuta miaka anakuuzia, na nasema hivyo mimi niliyeuza.

Nilichojifunza ni kwamba nilihangaika na ngozi kumbe nilitakiwa kuuliza mtu. Nilimpa mama kila chupa niliyokuwa nayo, sikuwahi kumuuliza, "Mama, kwa nini hupaki?" Angenijibu, nina hakika.

Shangazi alishatangulia, mama naye. Mila yenyewe vijana wanaicheka, na mimi siwalaumu sana, maana ilimtesa mama yangu. Ila niliona pia ilivyomfungua.

Juzi mke wangu anajipaka mafuta hayo hayo ya mbarika, akaniuliza kwa utani, "Wewe ukitangulia, mimi nitapakwa na nani?"

Nilicheka, halafu nikakumbuka. Sina dada.

Wenye ukoo kama wetu, nyie mnafanyaje? Naomba majibu ya kweli, hili swali bado ninadaiwa ndani ya nyumba.