Swichi Nane Ndani ya Simu

Mamangu alikatwa mguu wa kulia chini ya goti, na mwaka ule ule dadangu akaenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani. Mambo hayo mawili yalifuatana. Sukari ilikuwa ikimla mama tangu baba alipofariki. Dadangu alikuwa ameachwa na mumewe, hana mtoto, na alisema hawezi kukaa Likoni akimtazama mama anapungua. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo hapo Likoni, na mshahara wangu haukufika mbali. Dada akaenda. Aliyempeleka ni jirani yetu mmoja, ajenti wa kupeleka wasichana Arabuni, ambaye nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa mtu wa msikitini, mpole wa maneno, na siku baba alipozikwa alishuka kaburini kumpokea maiti. Sisi watoto tulimwita Ami.

Nyumbani kwetu palikuwa na simu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini si nyumba nyingi za mtaa wetu zilikuwa nayo. Marehemu baba alikuwa fundi wa nyaya za simu, na alipewa laini kwa ajili ya kazi yake. Baada ya kufa kwake tuliendelea kuilipia. Ilikaa juu ya meza ya sebuleni, katika nyumba ya mbele. Mama alilala nyumba ya uani, maana huko ndiko kulikokuwa na choo cha karibu, na sakafu isiyo na ngazi. Kati ya kitanda chake na ile meza palikuwa na uwanja, tangi la maji, jiko na hatua kama thelathini. Kwa mtu mwenye miguu miwili si kitu. Kwa mama ilikuwa safari.

Dada alipiga kila Ijumaa alasiri, alipotumwa mkate. Chini ya jumba la tajiri wake palikuwa na duka lenye simu ya kulipia. Mwenye duka alikuwa mzee wa kigeni asiyejua neno la Kiswahili, kwa hivyo dada aliweza kusema atakalo. Simu ilipolia nilimbeba mama mgongoni, nikapita naye uani hadi sebuleni, na mara nyingi tulipofika dada alikuwa na dakika moja tu iliyobaki. Mama alikuwa akihema kuliko mimi niliyembeba.

Nikajaribu kuipeleka simu kwa mama. Nilikumbuka mawili matatu niliyoyaona kwa baba, nikanunua waya, nikaupitisha juu ya boriti za jikoni, nikatundika simu ya pili ukutani kando ya kitanda chake. Ilifanya kazi miezi mitatu. Kisha chumvi ya pwani ikaingia kwenye maungio, shaba ikageuka kijani, na sauti ya dada ikawa inakuja kama mtu anayesagasaga changarawe. Panya nao wakamalizia. Niliunganisha mara mbili, mara ya tatu nikaacha.

Nilimwambia dada kuhusu waya ule, na baada ya Idi ndogo alituma zawadi: simu isiyo na waya. Ajenti ndiye aliyeileta, aliporudi kutoka huko. Alikuja nayo mwenyewe mlangoni, bado imo katika sanduku lake.

"Hizi nimekuja nazo mbili," alisema. "Moja ya mamako, moja yangu. Wallahi, utaongea nayo hata ukiwa msalani."

Sikulala mchana ule. Nilivitoa vipande vyake nikavipanga mkekani: kitako, ambacho kilichomekwa kwenye laini na kwenye umeme, mkono wa simu, mzito kama tofali, wenye antena ya kuvuta, betri, na kijitabu cha Kiingereza. Nilikisoma kijitabu kile mwanzo hadi mwisho, kwa fahari ya mwalimu. Kilieleza kuwa mkono na kitako huzungumza kwa mawimbi, kama redio, na kwamba kulikuwa na chaneli kumi za kuchagua. Kilisema pia kwamba ndani ya mkono, chini ya betri, na chini ya kitako, mlikuwa na swichi nane ndogo. Swichi hizo ndizo namba ya siri ya simu. Zilitoka kiwandani zote zikiwa zimeelekezwa upande mmoja, na kila mwenye simu alitakiwa azipange upya apendavyo, mradi za mkono zilingane na za kitako. Asipofanya hivyo, simu nyingine ya aina ile inaweza kuingia katika mazungumzo yake.

Nilisoma. Nilielewa. Nawaambia haya ili mtu asije akadhani sikujua.

Kazi kubwa niliyoiona mimi ilikuwa kuyafikisha mawimbi uani. Mara ya kwanza mama aliposhika mkono, alisikia mvumo tu. Bati la jikoni lilikuwa likizuia, na tangi la maji pia. Nikakihamisha kitako kutoka mezani hadi dirishani, kisha juu ya kabati. Nikabadilisha chaneli moja baada ya nyingine, huku nikikimbia uani kumuuliza mama anasikia nini.

"Kunguruma," alisema. "Ngoja. Sasa kama nyuki." Mara nyingine, "Hapa hapana kitu mwanangu, kimya."

Mwishowe nilifunga waya wa shaba kwenye antena ya kitako, nikautoa dirishani, nikaupandisha juu ya mti wa kuanikia nguo niliousimamisha kando ya ukuta. Nikarudi kwenye chaneli ile ile iliyokuja nayo simu kutoka kiwandani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote. Mlio wa simu ukasikika uani wazi kabisa. Mama aliuweka mkono sikioni akaanza kulia.

Zikabaki zile swichi nane. Zilitaka bisibisi ndogo ya saa, ambayo sikuwa nayo, na mama alikuwa amekwisha kuikumbatia simu hataki kuitoa. Nikasema nitazipanga siku nyingine.

Ijumaa za mwanzo zilikuwa za furaha. Dada alizungumza na mama aliyelala kitandani, na mimi niliketi kando, nikisikia nusu yake kwa sababu mama alipenda sauti iwe juu. Siku moja katikati ya wiki niliuinua mkono wa simu nimpigie mwalimu mwenzangu, nikasikia mwanamke anaagiza iliki na mchele wa pishori. Alikuwa mke wa ajenti. Sauti yake ilikuwa karibu sana, hata pumzi yake niliisikia. Nilimpa mama asikilize, nikacheka.

Mama hakucheka. "Zima," alisema. "Si vizuri kusikiza mambo ya watu majumbani mwao."

Nikazima. Nilikuwa mtu wa kusoma, nikifundisha watoto hesabu za kwenda na kurudi, na haikunijia hata kidogo kwamba njia ile iliyonipeleka nyumbani kwao iliwaleta wao nyumbani kwetu.

Katika mwezi wa tano hivi wa simu ile, sauti ya dada ilibadilika. Kwanza alisema anachoka. Kisha akamwambia mama kwamba mke wa tajiri humpiga kwa kiatu, na kwamba pasi yake ya kusafiria imefungiwa kabatini tangu alipofika. Mama alitaka nimwendee ajenti. Dada akakataa. "Msimwambie Ami," alisema. "Nikimlalamikia yeye, huwapigia wao, nao hunizidishia."

Ijumaa iliyofuata alizungumza upesi, kwa sauti ya chini.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. U hali gani?"

"Sikiza, mama. Jumanne tajiri anasafiri, na mkewe atakwenda kwa daktari. Nitatoka kwa mlango wa jikoni. Kuna mshonaji mmoja Mngazija, anakaa nyuma ya soko, ameniahidi kunificha mpaka anifikishe kwa watu wa ubalozi. Niombee dua tu."

"Na pasi?"

"Mngu atanipa nyingine."

Mama alinitazama. Nilikuwa nimeinamia simu pamoja naye, nimesikia kila neno. Tulikubaliana hatutamwambia mtu yeyote, hata ndugu wa mama waliokuwa Mtongwe, na hatukumwambia. Siku zile tatu mama alikaa juu ya mkeka wake wa sala kwa ubavu, akisoma uradi.

Jumanne ikapita. Tulijua hataweza kupiga siku ile. Ijumaa simu haikulia. Ijumaa ya pili haikulia. Baada ya hapo nilivunja ahadi, nikaenda kwa ajenti. Alikuwa barazani kwake baada ya alasiri, anakunywa kahawa, na alinikaribisha kama kawaida.

"Ami, hatujasikia habari za dadangu wiki mbili," nilimwambia. "Nakuomba uwapigie waajiri wake."

Alikitua kikombe. "Dadako ana matatizo," alisema. "Nilimpeleka kwa watu wa heshima, naye akataka kunivunjia uso. Mtu ana kazi, anataka kutoroka akamfuate mshonaji wa Kingazija! Hivi huko angeishia wapi, katika nyumba za watu asiowajua? Wamemhamisha. Yuko mji mwingine, kwa jamaa zao. Yuko salama."

Habari ya mshonaji hatukuwa tumemwambia mtu. Nyuma yake, mlango wa ndani ulikuwa wazi, na juu ya kabati niliona simu kama yetu, antena imevutwa juu. Niliikazia macho. Naye, nadhani, alifahamu katika dakika ile alichokuwa amekisema, kwa sababu alinyanyuka akasema wakati wa kwenda kutawadha umefika.

Nilirudi nyumbani nikaigeuza simu nikafungua nafasi ya betri. Swichi zote nane zilikuwa upande mmoja, kama zilivyotoka kiwandani.

Nilikwenda kwa chifu. Aliuliza nina ushahidi gani, na nilipoanza kueleza mambo ya mawimbi na chaneli alinitazama kama mtu aliyepandwa na pepo. Nilikwenda kwenye ofisi moja mjini inayoshughulika na kazi za nje; wakaniambia dadangu alikwenda kwa hiari yake na ameweka sahihi. Ajenti aliendelea kusali safu ya mbele. Niliacha kusali msikiti ule, nikawa nakwenda wa mbali.

Mama hakuambiwa. Nilisema simu za nje zimeharibika upande wa Arabuni, na kwamba dada alighairi kutoroka, amehamia kwa watu wema, na hunipigia shuleni, kwa simu ya mwalimu mkuu.

"Sauti yake i vipi?" aliniuliza.

"Nzuri, mama."

"Amenenepa?"

"Sasa nitajuaje kwa simu?"

"Mtu akinenepa sauti huwa nzito," alisema. "Siku nyingine msikize vizuri."

Basi kila Ijumaa nikamletea uongo mpya: amenenepa kidogo, amejifunza kupika samaki wa kwao, anakusalimu sana. Mama alizipokea salamu lakini kila alasiri ya Ijumaa aliuweka mkono wa simu juu ya kifua na kulala nao hadi magharibi. Kidonda kilianza mguu wa pili. Safari hii walipotaka kuukata alikataa, akasema hana pa kutembea. Alifariki mwezi wa Rajabu. Ajenti alikuja mazikoni, watu wakampisha, na sikuwa na nguvu ya kumzuia.

Dada alirudi mwaka uliofuata, katika kundi la wanawake waliorudishwa kwa karatasi za safari moja. Nilimpokea uwanja wa ndege nikampita bila kumtambua. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunyooka tena. Alisimulia mara moja tu, tukiwa njiani kurudi nyumbani: kwamba Jumatatu, siku moja kabla ya ile aliyoipanga, walimvua viatu wakamfungia chumba cha darini, kwamba mke wa tajiri alimtajia yule mshonaji, kwamba alifungiwa vidole katika mlango ule. Alidhani mwenye duka la mkate ndiye aliyemuuza. "Kumbe yule mzee alijua Kiswahili," alisema. "Mtu huwezi kujua." Nilitazama nje.

Nilikaa na jambo lile karibu mwaka mzima. Nilimwendea fundi mmoja wa redio kule Changamwe nikamuuliza: je, kama mtu angezipanga swichi zile, simu ya jirani ingeweza kusikia? Sijui nilitaka anijibu nini. Alisema simu ya jirani, hapana, haingesikia. Kisha akanitazama, labda aliona uso wangu, akaongeza kuwa mtu mwenye redio nzuri huenda angepata bado. Lakini ajenti hakuwa na redio nzuri. Alikuwa na simu kama yetu tu.

Nilimwambia dada mchana mmoja, alipokuwa ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi, ameushika ukingo wa kifuu kwa vidole vitatu vilivyobaki vizima. Nilimwambia yote, na kijitabu, na bisibisi niliyoikosa, na siku niliyocheka. Hakuacha kukuna. Nazi ilipokwisha alisafisha meno ya mbuzi kwa kidole.

"Mama alijua?" aliuliza.

"Hakujua."

"Alifikiri simpigii?"

"Nilimwambia unanipigia mimi shuleni."

Alilifunika bakuli la nazi kwa kawa la ukili. Akageukia ukutani, akasema, "Aliamini?"

Nilimwambia sijui. Na ni kweli, hadi leo sijui. Dada akanyanyuka, akachukua ndoo, akaenda kuteka maji ya tui. Tumeishi nyumba moja miaka mingi tangu siku ile, na tunazungumza vizuri, habari za watoto wa ndugu, za bei, za mvua. Hajaniuliza tena, wala hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe.