Vidonge Alivyogawiwa Doto

Kulwa alikuwa fundi cherehani Tabora mjini, na maisha yake yote hakuwahi kujishonea gauni peke yake. Akikata lake, alikata na la pacha wake Doto, aliyebaki Goweko akilima tumbaku. Ndivyo mama yao, Bi Apolinaria, alivyowalea: pacha hawabaguliwi. Mmoja akipewa yai, la mwenzake liwe tayari; mmoja akichapwa, mwenzake naye asogee tu, yaishe. Hata kisukari kilipokuja kiliwapata wote wawili, kana kwamba nacho kilimwogopa bibi yule.

Hapo Kulwa akawa hodari kupita kiasi. Ugali aliupunguza, soda akaiaga, na daktari alipomwongezea vidonge, sukari ilishuka ikatulia. Kliniki wakamfanya mfano, na tusifichane, kichwa kilimvimba. Doto sukari yake ilipanda itakavyo, na kila aliposhuka treni mjini alipokewa kwa masimango kabla ya chai.

Safari hii Kulwa hakusimanga. Alimgawia vidonge vyake.

"Daktari wangu hakunipa hivi," Doto alisita.

"Daktari wako anajua tulilala tumbo moja? Kinachonifaa mimi kitakufaa. Meza, nimekutangulia kuzaliwa mimi."

Doto akameza, akakaa hapo kwa dada yake, na masharti yote ya chakula akayashika. Siku chache baadaye, asubuhi, jasho lilimtoka kwa wingi, akashika kifua, akaanguka kando ya cherehani. Kulwa alipiga yowe mpaka majirani wakaja mbio.

Hospitalini daktari alimwita pembeni. "Sukari ya ndugu yako ilishuka mno, na moyo umepata shambulio. Alikuwa anameza nini?"

Kulwa alimwonyesha.

"Hivi ni vya nani?"

"Vyangu. Lakini sisi ni pacha, dokta!"

"Mnafanana?"

Kulwa alitikisa kichwa. Doto ni mrefu, mweusi tii. Yeye ni mfupi, maji ya kunde. Hilo walilitania tangu utotoni.

"Mama, pacha kama ninyi hurithi tofauti, sawa na ndugu wengine tu. Mwili wako umestahimili sukari kubanwa ishuke hivyo. Wapo ambao kubanwa sana kunawaumiza moyo, na watafiti bado wanachunguza ni kitu gani cha kurithi kinachowatenganisha. Ndiyo maana kila mtu hupimwa peke yake."

Kulwa alikaa sakafuni mbele ya watu. Daktari aliendelea kueleza, yeye hakusikia tena. Alikuwa karibu amuue Doto kwa mkono wake mwenyewe, tena huku akimbembeleza!

Jioni Doto alifumbua macho. Sauti ilikuwa hafifu, lakini alikuwa hai. Kulwa alimshika mkono, akamweleza yote bila kujitetea, akaomba radhi huku machozi yakimtiririka.

"Nilijua mapema vinanikataa," Doto alisema. "Tangu siku ya kwanza nikimeza natetemeka, moyo unakwenda mbio."

Kulwa alimkodolea macho. "Ulijua? Sasa mbona hukusema, Doto?"

Doto aligeuza uso ukutani.

"Niliona haya. Ningekuambiaje kwamba mimi si kama wewe?"