Nyasi za Nyuma ya Jiko

Kwa miaka thelathini na minne, mama mkwe wangu Apendi hakuruhusu jembe liguse nyasi za nyuma ya jiko lake, kule Mwello. Hata kigingi cha mbuzi hakikupigwa pale. Nilipoolewa nilidhani ni ukaidi tu wa mtu mzima, nikanyamaza. Mimi ni Msamia wa Masinya, lugha yake sikuijua, tulielewana kwa Kiswahili cha sokoni.

Sababu niliijua nikiwa nimeshaharibu. Binti yake wa kwanza, Awor, alikufa akiwa na miezi saba. Apendi mwenyewe alikuwa amelazwa Tororo, hajitambui kwa malaria. Alipotoka, mtoto alikuwa ameshazikwa. Mumewe, mzee Oboth, alimwambia tu, "Yuko nyuma ya jiko." Hakuweka jiwe wala msalaba, na hakutaka kuulizwa tena. Nyasi zikaota, Oboth naye akafa. Basi Apendi akalinda uwanja wote, kwa kuwa hakujua mwanawe yuko upande gani.

Magoti yakamwishia, na shamba lake liko mbali, bondeni. Mwaka jana mama mmoja wa kanisani alitoka Lumino na habari ya kulima bila jembe. Unatandaza maboksi juu ya nyasi, unayalowesha maji, unarundika samadi na majani makavu. Nyasi zinaozea gizani huko chini, wewe unapanda mboga ya sukuma juu. Apendi alimtaka arudie mara tatu. Sijapata kumwona amefurahi vile.

"Annet," akaniambia, "wewe nakwenda Busia kila wiki. Leta boksi. Mingi."

Nikaleta, ya sabuni na ya biskuti, nimeyafunga nyuma ya pikipiki. Alikaa mlangoni akibandua utepe na kung'oa pini moja moja. Majirani walisema Apendi anazifunika nyasi blanketi zisipate baridi. Nilicheka nao.

Shida ilikuwa sangari, ile nyasi ya mizizi mirefu. Aliyelima pande zetu anajua kwamba sangari haifi mpaka uifukue mizizi yote, ukiacha kipande inarudi.

"Mama, sangari itatoboa haya maboksi. Wacha nichimbe kwanza."

"Jembe hapana."

"Pembeni tu."

"Mimi nasema jembe hapana."

Hakueleza, nami sikuuliza. Sijui kama angeniambia. Najua tu kwamba sikuuliza.

Jumapili akaenda kanisani. Mimi ni mtu wa kujiona najua, hilo nakiri. Nikaona nimfanyie wema, arudi akute tuta moja tayari. Nikaanzia karibu na mparachichi. Mzizi mmoja ulikuwa umezama sana, nikaufuata hadi usawa wa goti. Jembe likainua shanga. Zilikuwa ndogo, za buluu na nyeupe, shanga za kiuno cha mtoto. Kando yake kulikuwa na kitu chembamba ambacho sikukitazama mara mbili.

Sikuondoka pale. Nilimngoja nimekaa chini, zile shanga kiganjani. Alikuja na Biblia kwapani, akazitambua kabla hajanifikia, maana alizifunga mwenyewe. Nilitamani anitukane. Alipiga yale magoti mabovu, akaweka mkono wake kwenye shimo, akaanza kunisimulia habari za Awor, taratibu, utadhani mtoto amelala karibu.

"Kumbe hapa," alisema mwishoni. "Mimi nilikuwa naanika nguo kule, naimbia yeye kule. Kumbe iko hapa."

Nililia mpaka nikaona haya, kwa sababu yeye hakuwa analia.

Tulizirudisha shanga, tukafukia kwa mikono. Tukatandaza juu yake maboksi ya sabuni, maji, samadi, majani ya mahindi, kila kitu kama alivyofundishwa. Jioni, tukinawa, akaniita.

"Annet. Kesho leta jembe. Huko kwingine lima yote. Hayuko."

Kesho yake nililima. Apendi alikaa kwenye kigoda kando ya lile tuta moja, akinitazama nikikata nyasi alizozilinda miaka thelathini na minne, na chini ya nyasi hizo hapakuwa na mtu.